Sare Kwenye Kamba

Enzi zetu pale Tandale, mtoto hakuwa na pa kujificha saa za shule. Ukionekana sokoni na sare saa nne asubuhi, muuza nyanya anakuuliza, mbeba mizigo anakuuliza, na kabla hujapata jibu la maana habari zimeshafika kwa mjumbe wa nyumba kumi. Watoro sugu walifuatwa nyumbani na wanafunzi wenzao, wakabebwa mzobemzobe hadi shuleni huku mtaa mzima ukicheka. Wenzangu mnakumbuka. Waliojiona wajanja walijazana kibanda cha video, madirisha yamezibwa kwa maboksi, jasho linawatiririka, na bado mgambo aliwakuta.

Mimi sikuwa mtoro wa vibanda. Nililelewa na bibi mzaa mama. Alfajiri aliniamsha kwa uji wenye pilipili manga, akanipaka mafuta ya nazi mpaka magoti yakang'aa, halafu akasema, "Haya nenda, na ukirudi uifue hiyo sare kabla hujala." Baba alikuwa utingo wa malori ya mikoani, tulimwona kwa nadra. Nilipokuwa darasa la sita bibi alifariki. Matanga yakaanuliwa, wageni wakarudi makwao, baba akarudi barabarani, nami nikabaki na shangazi aliyekuwa akidamkia sokoni gizani. Asubuhi ya kwanza niliamka nyumba ikiwa kimya. Nilikaa kitandani nikisubiri harufu ya uji, na shule sikwenda. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata.

Kitu kimoja sikukiacha. Kila siku niliifua ile sare ambayo sikuivaa, nikaianika uani. Uzio wetu ulikuwa wa makuti, umetoboka kila mahali.

Ndipo asubuhi moja Bi Hidaya, mjumbe wetu, akapiga hodi. Nikajifunika shuka.

"Mie najua umo ndani," alisema. "Sare inafuliwa kila siku na shule huendi. Inachafukia wapi?"

Nikafungua, nikasema shikamoo, kisha nikaangua kilio. Hakunichapa. Alikaa nami mkekani mpaka nikamaliza kulia, ndipo akanipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Nilidhani nakwenda kuwekwa ndani. Mtendaji alikuwa mtu mkali, hata walevi walimpisha njia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Bi Hidaya. "Huyu si mtoro, bibie. Huyu hana wa kumwamsha."

Tangu hapo, watoto ambao asubuhi nyumbani kwetu hakukuwa na mtu tulipita kwanza pale ofisini. Unga na sukari alivitafuta mtendaji, uji aliukoroga Bi Hidaya, na mgambo yuleyule wa vibanda vya video akatusindikiza hadi shuleni. Ukichelewa kufika, Bi Hidaya alikuja mwenyewe kukugongea. Uji wake haukuwa na pilipili manga, lakini ndio ulionifikisha darasa la saba na kuendelea.

Siku hizi utoro umekuwa wa kistaarabu. Mwalimu anatuma ujumbe kwenye simu ya mzazi, mtoto anaufuta kabla mama hajatoka kuoga, halafu anarudi kulala. Mbinu hiyo nilielezwa na mjukuu wangu, tena kwa fahari, akitushangaa sisi tuliokuwa tukikimbizana na mgambo.

Mimi sasa naishi Mbezi Luis, peke yangu. Wanangu wako mbali, wananipigia Jumapili. Majuzi homa ilinilaza, na nguo zangu zilikuwa nje. Zikanyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena. Nililala nimeelekeza sikio mlangoni, mtu mzima mimi, nikisubiri kugongewa na kuulizwa mbona sionekani. Upweke ule sikuwa nimeuonja tangu asubuhi zile za baada ya bibi.

Nilipopata nguvu nikatoka kuzianua mwenyewe. Ukuta wangu ni mrefu, juu una vipande vya chupa. Hata Bi Hidaya angekuwa hai na kupita hapa, asingeiona kamba.