Ndizi Ndani ya Difu

Kaka yangu alimtumia baba kipofu gari la kuchezea. Nilipofungua lile boksi nyumbani kwangu Buhembe, Bukoba mjini, nilikaa chini nikacheka kwa hasira, kisha nikampigia simu hukohuko ng'ambo aliko na kumuuliza kama ana akili timamu. Akanijibu kuwa si la kuchezea. Lina injini ya kweli, linakunywa mafuta, linatoa moshi, linaongozwa kwa rimoti, na huko kwao watu wazima wenye vitambi hukusanyika kushindana nayo. Nikamwambia baba haoni. "Najua haoni," akasema, "lakini alikuwa dereva." Ndivyo alivyo kaka yangu. Tangu macho ya baba yaharibike hajakanyaga nyumbani, ila mizigo yake inafika.

Ni kweli baba alikuwa dereva. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la kahawa, akizoa magunia vijijini Muleba na kuyapeleka Bukoba mjini. Presha ya macho ilimnyang'anya taa moja, ikarudi kuchukua ya pili, na hospitali wakatuambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi. Kuanzia hapo akahamia kwenye kiti kimoja sebuleni. Alikula, alisali, aliitikia salamu. Ila mikono yake aliiweka juu ya magoti na hakuishughulisha na kitu tena. Mama alimpa maharage mabichi amsaidie kumenya, akayashika mpaka yakapata joto, akamrudishia. Nilichokiogopa nitakisema wazi: baba alikuwa amekaa anangoja kufa, tena kwa adabu, asimsumbue mtu.

Kwa hiyo nililipeleka lile gari Muleba kwa wazazi nikiwa sina imani nalo hata kidogo. Nyuma ya kibanja chetu, migomba inapokwisha, kuna rweya, yale majani wazi ambako watu hufungia ng'ombe. Nilisimama pale nikavuta kamba ya kuwashia mpaka bega likauma. Likagoma. Nikalitukana. Nikavuta tena, likawaka, likapiga kelele kama cherehani yenye kichaa, ng'ombe wa jirani akakata kamba. Nilipogeuka kumwomba radhi mwenye ng'ombe nilimwona baba amesimama chini ya mgomba wa mwisho. Alikuwa ametoka mwenyewe, akipapasa mgomba hadi mgomba.

"Limebanwa pumzi," akasema. "Ekzosi yake ni mbaya."

Sikujali kama ni mbaya au nzuri. Baba alikuwa nje ya nyumba. Nikampa rimoti, nikamwonyesha kitufe cha mafuta na gurudumu dogo la kukata kona, nikaanza kumwelekeza, nikimwita tata kama Wahaya tunavyoita baba: kushoto, tata, kushoto, mbele kuna kichuguu. Akaniambia ninyamaze, nampigia kelele. Aliliendesha kwa masikio. Likipanda alisikia linavyochoka, likigeuka alisikia upande gani sauti inahamia, na lilipopinduka kwenye kichuguu nilichomwonya alicheka. Niliamua palepale kwamba hilo gari halitasimama hata kama nitauza nguo zangu.

Wala sikujua nilichojiahidi. Mafuta yake hayauzwi kituo chochote. Ni ya aina yake, yamechanganywa na vitu vinavyonuka kama dawa ya rangi ya kucha, na yakipatikana Dar es Salaam makondakta wa mabasi wanayakataa kwa sababu yanalipuka, na wanaoyakubali wanayaweka mahali ambapo hata mimi ningeyakataa. Kila galoni lilipofika salama nilimshukuru Mungu kwa ajili ya abiria.

Halafu likaja suala la ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Baba alikuwa ameshatoa hukumu, na kaka akaichukua kama amri ya jeshi. Akanieleza kwenye simu kwamba yako mabomba ya namna mbili. Moja ni refu, jembamba, linang'aa, linaifanya injini iimbe ikiwa kwenye mbio kali. Jingine ni fupi lenye tumbo, halina mbwembwe, lakini linavuta toka chini. Akatupigia sauti za yote mawili kwenye simu, baba akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Hilo la pili," baba akasema. "La kwanza linapiga domo. La pili linapanda mlima."

Mimi pia nilitaka la pili, kwa sababu kwetu kote ni kupanda na kushuka, hakuna lami ya kuimbia. Tulikubaliana watu wote watatu, nilisikia kwa masikio yangu. Mzigo ulipofika Bukoba ndani yake kulikuwa na bomba refu, jembamba, linang'aa. Kaka akasema la tumbo lilikuwa zuri, ndiyo, lakini hili watu wote wanalisifu. Watu gani? Watu wa kwenye video. Mtu aliyeuliza ushauri wa baba yake akaenda kufuata wa video, utamwambia nini?

Nikalifunga hilohilo. Nilifanya kazi yangu ya maabara mjini siku nzima, nikarudi Buhembe kukazana na vispana vidogo kama vya mwanasesere, nikiunganisha mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba kwenda tangi la mafuta. Jumamosi nikaenda Muleba. Gari likawa na tabia mpya: ukibonyeza kidogo linasinzia, ukiongeza linasinzia, ukiongeza tena linaruka kama limechomwa sindano. Baba akalalamika kuwa linamdanganya. Ruka ruka hizo zikaenda kumalizikia kwenye difu ya nyuma, kile kiboksi cha gia kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Tukasikia krrr, injini inalia na magurudumu yamesimama. Nilipofungua, meno ya gia yalikuwa yamelika kama mahindi yaliyotafunwa.

"Basi weka difu ngumu," kaka akasema kwenye simu, mchangamfu kabisa. "Ukiongeza nguvu ya injini lazima uongeze difu. Inajulikana."

Inajulikana! Kwa nani? Na kama inajulikana, kwa nini bomba lilitangulia na difu ikabaki huko? Nilimkatia simu. Baadaye akaahidi kutuma gia za chuma, na lile bomba la tumbo pia, lakini mzigo unachukua muda wake, na mimi nilikuwa nimeshaona baba akirudi kuelekea kwenye kile kiti. Ndani ya boksi la kwanza kulikuwa na gia za akiba, laini kama zilizovunjika. Nikazifunga hizo ili tusogeze siku. Hazikukaa sawasawa. Gari likatembea, lakini difu ikawa inalia wiii, wiii, sauti ya kukera meno. Baba aliisikia kuliko mtu yeyote. Nikasema tuliendeshe polepole mpaka mzigo ufike.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amesimama mlangoni ananingoja, amevaa shati la kanisani. Mama alikuwa anatabasamu chini chini huku akipita na sufuria. Baba akaniambia niwashe gari nisikilize. Nikawasha. Nikalisogeza mbele. Kimya. Injini inaunguruma yenyewe, lakini ile wiii haipo, difu imetulia kama imepakwa mafuta na malaika.

"Nani alikuja kulitengeneza?"

"Hakuja mtu," akasema, na sijui niueleze vipi uso wake. "Nilifungua mwenyewe. Kwa vidole."

Nilifurahi. Naomba ieleweke kwamba nilifurahi sana. Tulilipeleka kwenye rweya, likaenda vizuri mzunguko mmoja, likaenda vizuri wa pili, kisha nikasikia harufu. Si ya mafuta. Harufu tamu, ya kitu kinachopikwa. Gari likapunguza mwendo, likatetemeka, likasimama. Nikaligeuza palepale kwenye majani na kufungua difu, na ndani yake kulikuwa na uji mweusi, na ndani ya uji huo vipande vya meno ya gia.

"Tata, umeweka nini humu?"

"Ndizi mbivu. Ya kisukari," akajibu bila wasiwasi. "Difu ikilia unaipa ndizi. Lori langu nimelirudisha hivyo toka Kamachumu mpaka Bukoba, na hakuna bosi aliyejua."

Nikapiga kelele. Nilikuwa nimechoka, nimeendesha toka mjini, gia za akiba ndizo hizo zimesagika, na kwenye mkono wangu nimeshika ndizi iliyokaangwa. Nikamwambia lori lake lilikuwa na difu kubwa kama chungu cha kupikia msibani, hii ni ndogo kuliko ngumi ya mtoto. Nikamwambia angengoja. Nikamwambia, "Si ungeniuliza kwanza?" Akasimama akinisikiliza, kichwa kimeelekea pembeni kidogo ya pale nilipokuwa, kisha akageuka akaanza kupapasa migomba kurudi ndani. Nilipoingia kuaga alikuwa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Nililia garini mpaka nilipoiona Kagondo, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mzigo ulipofika hatimaye, nilijifungia ndani. Safari hii hakuna ambaye angenigusia gari. Nikaweka difu za chuma mbele na nyuma, nikazijaza mafuta yake mazito yanayotoka kama asali, nikapima gia zikae bila kucheza wala kubana. Nikalitoa bomba la mbwembwe, nikaweka la tumbo. Kila bolti nikaipaka gundi isilegee. Nililifanyia majaribio kwenye miteremko ya Ijuganyondo, watoto wakikimbia nyuma yake, likapanda kila mahali bila kukohoa. Kazi ile ilikuwa nzuri, na sioni aibu kuisema.

Baba alilishika, akalipapasa toka mbele hadi nyuma. Nikawasha. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hili ndilo bomba lenyewe," akasema. Kisha akaongeza, "Wakola," ile asante yetu ya Kihaya, kwa sauti unayomshukuria mtu aliyekuletea maji ya kunawa.

Aliliendesha siku ile, na Jumamosi nyingine, na nyingine. Halikuvunjika kitu. Lilipanda, likageuka, likarudi. Kila nilipokuja nilifuta vumbi tu, nikajaza mafuta. Kisha baba akaanza kusema miguu inamuuma. Kisha akasema niliwashe mimi, atalisikia akiwa ndani. Nikaliwasha, nikawa nazunguka peke yangu kwenye rweya, mwanamke mzima na rimoti mkononi, namwendeshea gari mtu aliyekaa kwenye kiti nyuma ya ukuta. Jirani akaniuliza kama nimelinunua. Nikampigia kaka, nikamwambia kila kitu kiko sawa na hakuna kilicho sawa. Akafikiri kidogo, akasema labda tujaribu bomba jingine. Sikumbuki nilimjibu nini, ila hakupiga tena kwa muda.

Pasaka nikafika mapema. Mama alikuwa amekata majani mabichi na kuyatandaza sebuleni, kama mama yake alivyokuwa akifanya kwa ajili ya sikukuu, nyumba nzima inanukia. Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa chini, juu ya yale majani, miguu ameinyoosha, na gari limelala mbele yake katika vipande. Bomba la tumbo liko kwenye paja lake. Difu zote mbili ziko wazi, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Magurudumu yako kule, injini iko huku. Bolti nilizozipaka gundi moja moja zilikuwa zimetawanyika kwenye majani, na kwenye majani bolti nyeusi ya ukubwa wa punje ya mtama huioni hata ukiwa na macho mawili.

"Waitu tata, limeharibika nini?" Nilianza na waitu ya heshima, nikajitahidi nisipaze sauti. Ilipaa.

"Halijaharibika."

"Sasa umelifungulia nini kama halijaharibika?"

"Toka umelitengeneza haliharibiki," akasema, akiendelea kuipangusa gia kwa ncha ya shati lake. "Ningengoja mpaka lini?"

Nikaweka mkoba chini, nikapiga magoti, nikaanza kupekua majani. Kesho yake ilinibidi kuwa Bukoba. Nilikuwa nanung'unika kwa sauti, kuhusu bolti, kuhusu gundi, kuhusu vidole vyangu nilivyovikata nikilifunga. Baba akanyoosha mkono, akapapasa hewani, akanipata kwenye kifundo cha mkono.

"Acha, mwana wange," akasema. "Nitazitafuta mwenyewe. Wewe unaondoka kesho. Mimi nina wiki nzima."

Nilikuwa nimeshapata bolti mbili. Nikazirudisha kwenye majani.