Pampu ya Tatu

Mimi si mtu wa kukaa. Ndugu zangu hunicheka kwamba hata chakula nakula nikiwa njiani kwenda jikoni. Lakini siku lilipoletwa gari la mkunga, hata kusimama kulinishinda. Nilikuwa naingia dukani, napanga balbu nilizozipanga jana, natoka mlangoni, naangalia uwanja wa gereji, narudi tena ndani. Mteja alikuja kutaka mkanda wa feni nikampa plagi nne, akanitazama kama mgonjwa. Roho ilikuwa juu, na sababu niliijua vizuri sana. Mume wangu ndiye aliyepaswa kutafuta kwa nini gari haliwaki, na mume wangu alikuwa hasikii.

Hasikii, basi. Leo nalitamka kirahisi, lakini wakati ule hakukuwa na mtu aliyethubutu kulitamka, mimi nikiwa wa kwanza katika woga.

Na angekuwa mtu mwingine yeyote, ningesema haya, ndiyo umri. Lakini huyu wanamwita Fundi Masikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mafundi wengine wakiletewa gari wanakimbilia boneti. Yeye anasimama kando, mkono mmoja nyuma, mwingine anauinua juu, na gereji nzima inanyamaza. Fundi wa bodi anashusha nyundo, mchomeleaji anazima mashine yake, muuza chai anaacha kukoroga. Mwenye gari anawasha swichi, kisha anapiga starta. Mume wangu kafumba macho. Halafu anafumbua na kutaja ugonjwa: brashi za starta zimekwisha, au waya wa betri haujashika, au kuna plagi moja imelala. Wanafungua, wanakuta ni hivyo hivyo. Miaka ishirini na mitatu nimeyaona haya kutoka kwenye kaunta ya duka langu la spea, ambalo limepakana na gereji yake ukuta kwa ukuta. Nyumbani masikio hayo yalinitesa. Sikuweza kuonja mboga jikoni bila yeye kuuliza kutoka sebuleni kama imeiva.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Redio ikawa inapandishwa sauti mpaka mapacha wetu wanatoka nje na vitabu vyao. Ukimuuliza habari ya maji anakujibu habari ya mkaa. Akaanza kulalamika kwamba watu wa siku hizi wanatafuna maneno. Nilicheka, nami nikamtania kwamba anazeeka vibaya. Sikulitilia maanani mpaka zilipokuja pampu.

Gari la umri wa lile la mkunga, ukiwasha swichi tu kabla hujapiga starta, pampu ya mafuta iliyo chini ya kiti cha nyuma huvuma kidogo, kama nyuki ndani ya kopo. Sekunde mbili, imenyamaza. Ukiusikia mlio huo, pampu iko hai. Usipousikia, pampu imekufa. Ndivyo alivyowafundisha nusu ya mafundi wa pale. Sasa masikio yake yalipoanza kuukosa mlio ule mdogo, ikawa kila gari linaloletwa lina pampu mfu. Mwezi ule alikuwa amekwisha kubadilisha mbili. Gari la kwanza liliwaka, nadhani kwa sababu katika kufungua na kufunga aliugusa waya uliolegea. La pili aliendelea kubadilisha kitu kimoja baada ya kingine mpaka akaangukia tatizo lenyewe. Pampu zilizotolewa zililetwa dukani kwangu zikae kama chuma chakavu. Siku moja nimekaa bila kazi, na mimi bila kazi ni hatari, nikaziunganisha na betri moja moja. Zote mbili zilivuma.

Nilizifunga kwenye gazeti, nikazisukuma chini kabisa ya kaunta, na kwa siku kumi nikajitia hamnazo. Usiku nageuka huku na huku. Nimwambieje? Mtu kazi yake yote ni sikio. Ukimwondolea sikio unamwachia nini, spana? Na nikimwambia halafu akakaa nyumbani akitazama ukuta, nitakuwa nimemfanyia nini mume wangu? Nilimwogopea, na nilikuwa na hasira naye kwa kunifanya nimwogopee.

Basi asubuhi ile gari la mkunga likaja likisukumwa. Ni gari jeupe la zamani, lina umri mkubwa kuliko mapacha, na mkunga huyo ndiye aliyewapokea mapacha hao duniani, ndiyo maana pale hatumwiti mteja, tunamwita Mama Mkunga. Kazi yake ni kuzunguka zahanati tatu, na zahanati ya pili ilikuwa inamngoja kabla ya saa sita. Alishuka na mkoba wake, akaeleza kwamba jana jioni liliwaka vizuri, leo starta inazunguka lakini injini haishiki. Akakaa kwenye benchi akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kufika mahali salama. Utulivu wake ndio ulionimaliza. Nikatoka dukani nikasimama uwanjani, kitambaa cha kufutia mkononi, nikijifanya nafuta kitu.

Mume wangu akainua mkono. Gereji ikanyamaza. Akamwomba Mama Mkunga aingie, awashe swichi tu.

Pampu ikavuma. Niliisikia mimi niliyekuwa mbali kuliko wote. Ilivuma vizuri, safi, sekunde mbili, ikanyamaza.

"Pampu imekufa," akasema mume wangu.

Nilimtazama fundi wa bodi, yeye anaitazama nyundo yake. Nilimtazama mchomeleaji, akashusha miwani yake myeusi usoni ingawa mashine ilikuwa imezimwa. Muuza chai akaanza kukoroga upya kwa kasi. Hapo nikaelewa kwamba wote walijua, na huenda walijua kabla yangu. Watu wazima kumi tumesimama tukiwa tumeusikia mlio mmoja, na wote tumeumeza kwa heshima ya mtu mmoja. Mama Mkunga peke yake ndiye aliyekuwa hana habari, na gari ni lake.

Mume wangu akaja dukani kuchukua pampu. Nikamwambia zimekwisha. Uongo huo niliusema bila kupanga, ukanitoka tu. Akanyoosha kidole juu ya bega langu, pale pampu mpya ilipokuwa imekaa rafuni ndani ya boksi lake, kubwa kama tofali. Nikajikaza, nikaichukua, nikampa. Ndiyo, nilimpa. Mdomo wangu wote huu ambao mtaa mzima unaulalamikia, siku niliyouhitaji ulikwama.

Kwa muda wa saa moja na nusu alikuwa ndani ya gari lile. Akang'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, harufu ya petroli ikajaa uwanjani. Mimi nilifagia duka mara mbili. Nilihesabu balbu. Nilitoka kumpelekea Mama Mkunga chai, akanishukuru, akatazama saa, akapiga simu zahanati kusema atachelewa kidogo. Nikarudi. Nikatoka tena bila sababu. Fundi wa bodi akanisogelea akaninong'oneza kwamba mimi ndiye mke, mimi ndiye wa kusema. Nikamuuliza yeye ana kazi gani na mdomo wake. Akaniambia alifundishwa kazi na yule mtu tangu hana ndevu, hawezi. Nikamwacha nikiwa nimekasirika, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Pampu mpya ikafungwa. Mkono ukainuliwa. Kimya. Mama Mkunga akawasha swichi, pampu ikavuma kama ile ya kwanza. Akapiga starta, injini ikazunguka, haikushika. Mume wangu akafumbua macho, akageuka akanitafuta, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

"Mama Mapacha, hii uliyonipa nayo ni mbovu. Lete nyingine."

Mbele ya watu wote. Mbele ya Mama Mkunga. Duka langu nimelisimamisha kwa mikono yangu, sijawahi kumpa mtu kitu kibovu, na leo mume wangu ananivua nguo uwanjani kwa sababu hataki kukiri ubovu wa masikio yake mwenyewe! Uzalendo ukanishinda. Nilikwenda pale nikiwa nimekusudia kusema yote, kuanzia zile mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Nilikuwa na maneno ya kutosha kuijaza gereji.

Nilipomfikia nikamwona usoni. Jasho lilikuwa linamtoka, na macho yake yalikuwa yananitazama mdomo. Alikuwa anangoja kuona midomo yangu itakavyofunguka, apate kujua nasema nini. Hasira ikanitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nikamshika mkono, nikauingiza pale kiti cha nyuma kilipong'olewa, nikakilaza kiganja chake juu ya kifuniko cha pampu, nikakibana kwa changu. Nikamwomba Mama Mkunga awashe swichi tena.

Pampu ikatetemeka chini ya mikono yetu miwili.

Hakuutoa mkono. Nikamwashiria Mama Mkunga azime, awashe tena. Ikatetemeka tena. Mume wangu aliinamisha kichwa, na kwa muda nilikuwa naona kisogo chake tu, chenye mvi ambazo sikumbuki zilikuja lini. Nikainama nikamwekea mdomo karibu na sikio. Nikamwambia ninajua, nina siku kumi najua, na zile za nyuma nazo zilikuwa nzima.

"Mimi nina mwaka," akasema.

Mwaka! Mwaka mzima alikuwa anainua mkono, tunanyamaza sote, na ndani ya kimya hicho yeye anabahatisha. Akaniambia pale pale, kwa ile sauti kubwa asiyoijua, kwamba alikuwa anapima kwa umri wa gari na kwa maelezo ya mwenye gari, na mara nyingi alipatia kwa sababu amekwisha kuyaona mengi. Kwamba angefanya nini, aanze kufungua boneti kama wanafunzi, watu wamwone? Nililia. Sioni haya kusema. Nililia nimepiga magoti kwenye gari la watu, nikinuka petroli, na gereji nzima ikijifanya inatafuta spana.

Akasimama. Akafungua boneti. Alifanya kama anavyofanya fundi yeyote wa kawaida, na sikuwahi kumwona akifanya hivyo tangu tuoane. Akatoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akamwomba Mama Mkunga apige starta, akaikodolea macho. Hakukuwa na cheche. Akachukua taa ya kupimia akaigusisha pale umeme unapoingia kwenye koili, kile kisanduku kinachozipa plagi umeme, taa ikawaka. Maana yake umeme unafika kwenye koili na hautoki. Akaifungua koili, akaigeuzageuza kwenye jua, akanionyesha kwa kidole cha gumba ufa mwembamba pembeni, mweusi wa kuungua. Kazi yote hiyo haikufika robo saa. Nilikimbia dukani kuleta koili, na safari hii sikusema zimekwisha.

Kabla ya kuifunga alifanya jambo ambalo sikumtuma. Alirudi nyuma ya gari, akaitoa pampu yangu mpya, akamrudishia Mama Mkunga ile yake ya zamani, akaibana vizuri, akarudisha kiti. Saa zilikuwa zinakimbia, mimi nakanyaga huku na huku, natamani kumwambia hilo lingengoja kesho. Alipomaliza ndipo akafunga koili. Starta ikapigwa mara moja tu, injini ikashika. Alijua kwa kuuona mkanda unazunguka. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akaenda kwenye dirisha la dereva. Nilimfuata, nikihofia atatoa visingizio.

"Mama, pampu yako ilikuwa nzima tangu ulipokuja," akamwambia. "Mbovu ni mimi. Masikio yangu yameharibika, nami nimekuchelewesha."

Fundi wa bodi aligeuka ukutani. Mama Mkunga akamtazama kwa ule utulivu wake, injini ikiunguruma. Hakushtuka wala hakumwonea huruma ya kumdhalilisha. Alisema kwamba Alhamisi kuna daktari wa masikio kwenye zahanati ya tatu, kwamba kuna masikio yanayotibika na mengine yanayosaidiwa na kifaa, na kwamba yeye mwenyewe atapita kumchukua saa mbili asubuhi, awe amekwisha kuoga.

Nilimwona mume wangu akianza kutikisa kichwa kukubali, kile kichwa ambacho kwa mwaka mzima kilikubali kila kitu bila kusikia chochote. Kikasimama katikati. Akageuka kwangu, mbele ya mkunga, mbele ya fundi wa bodi na mchomeleaji na muuza chai.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Nikamrudishia neno kwa neno, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, hata lile la kuoga. Naye alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niitaje tena siku ya daktari.