Siku Behewa la Chakula Lilipogeuzwa

Mama Kona hana mtoto anayeitwa Kona. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mhudumu mpya akiajiriwa humwuliza, "Na Kona yuko darasa la ngapi?" naye humjibu kwamba Kona ni mtukutu, ameshammwagia supu nyingi. Jina hilo alipewa na abiria wa daraja la kwanza, waliokuwa wakimsikia kila safari akipaza sauti kutoka jikoni, "Kona!" ili sisi wahudumu tushike vikombe.

Nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili, yeye akipika, mimi nikibeba sahani. Jiko lake liko mwishoni mwa behewa la chakula, chumba chembamba ambacho mtu wa pili akiingia, wa kwanza lazima avute tumbo ndani. Mlango wake unatokea kwenye korido na haukai wazi, maana moshi ungewafuata abiria mezani. Dirisha ni moja tu, juu ya meza ya kukatia. Saa hakuna. Waliwahi kumletea moja ya ukutani, akaigawa.

"Ya nini?" alisema. "Treni ikichelewa, saa haichelewi. Sasa wali wangu umfuate nani?"

Yeye alifuata dirisha. Kiwanda cha saruji kikipita, kuku anaingia kwenye oveni. Shule yenye paa jekundu, mchele unaingia kwenye maji. Tangi kubwa la maji, samaki anaingia kwenye mafuta, kwa kuwa baada ya tangi reli imenyooka dakika tisa nzima na mafuta ya moto hayataki mchezo. Tukimaliza kona ya mwisho ya kilima, ndipo supu inamiminwa, nusu bakuli, nyingine baadaye. Kwa hiyo samaki alifika mezani bado anachemka pembeni, na wali ukifunuliwa watu wanaacha mazungumzo. Nimewahi kula kwenye hoteli za watu wenye suti, na bado nasema bila kupepesa macho kwamba sijaonja mfano wake.

Kazi yenyewe ilikuwa imemwingia mwilini. Mumewe, fundi cherehani, alituambia kwamba hata nyumbani akisimama jikoni hupinda magoti kidogo, na mkono mmoja haubanduki kwenye mpini wa sufuria. Wageni aliwamiminia chai nusu kikombe. Majirani walimwona ana mkono wa birika, mpaka walipogundua kwamba anaongeza mara nne.

Basi ofisi ikaleta barua. Abiria wa daraja la kwanza wangeanza kupewa chakula cha boksi, kilichopikwa mjini jana yake na kupashwa moto njiani. Hilo boksi nililionja. Ukinyanyua punje moja ya wali, wenzake wote wanafuata. Kuku wake sitaki hata kumzungumzia, nitatukana bure. Mkaguzi angesafiri nasi mara moja tu. Akiridhika kwamba chakula cha jikoni kinafika kwa wakati na kinalishinda boksi, jiko linabaki. La sivyo linang'olewa, na Mama Kona anapewa kazi ya kugawa maboksi.

"Mdogo wangu," aliniambia, machozi yakimlenga, "mimi sijui kupika mahali palipotulia. Wakinitoa humu wamenimaliza."

Asubuhi ya safari behewa letu lilitoka karakana kupakwa rangi, linang'aa kama bwana harusi. Tuliondoka stesheni kwa amani. Nikatandika meza, nikamkaribisha Mkaguzi, mwanamume wa miwani na kalamu mbili mfukoni, na boksi lake la kulinganishia nikaliweka mbele yake kama nilivyoagizwa. Nilipochungulia jikoni, Mama Kona alikuwa amekunja uso.

"Leo jua limeamkia wapi? Linanipiga usoni."

"Ni rangi mpya, dada, inang'aa," nilimjibu, mjuaji mimi.

Muda ukapita. Nikiwa koridoni na trei ya glasi, nikaona kiwanda cha saruji kinapita. Nikasubiri kusikia mlango wa oveni ukigongwa. Kimya. Nikaingia. Mama Kona alikuwa ameegemea meza, kuku wake tayari kwenye sinia, anatazama nje kwa utulivu mkubwa.

"Kiwanda leo kiko mbali," alisema.

"Dada, kiwanda tumeshakipita! Nimekiona koridoni!"

Tulitazamana. Mafundi wa karakana walikuwa wamelirudisha behewa nyuma mbele. Dirisha lake lilikuwa linatazama upande wa pili wa reli, na kila alama aliyoitegemea miaka kumi na tisa ilikuwa inapita mgongoni kwake. Yeye akachukua kisu.

"Kuku mzima hatawahi. Namkata vipande, ataiva kwenye kikaango. Wewe kasimame koridoni uniambie tunapita wapi."

"Na meza nani anahudumia?"

"Utajua mwenyewe!"

Ikawa natoa maji, nakimbilia dirishani, narudi na mkate, nakimbilia dirishani. Bibi mmoja mwenye shali, mwalimu mstaafu, akanikamata mkono wa koti.

"Mjukuu wangu, mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamweleza yote kwa kunong'ona. Akaniuliza, "Shule yenye paa jekundu? Nimefundisha pale miaka sita! Nipishe." Akahamia kiti cha dirishani, akavaa miwani yake, na haukupita muda akapaza sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa zima: "Shule hiyo! Tia mchele!"

Kutoka jikoni tukasikia, "Asante, mama!"

Behewa zima likageuza shingo. Abiria mmoja mwenye gazeti akalikunja. Maharusi wawili waliokuwa wananong'onezana wakauliza kuna nini, Bibi akawaeleza, na kabla sijamwomba mtu yeyote, upande wote wa madirisha ulikuwa umejaa watu wanalitafuta tangi la maji. Kijana mmoja akawa wa kwanza kupaza sauti.

"Tangi!"

"Si hilo!" alifoka mwenye gazeti. "Hilo la kunyweshea ng'ombe! Unataka tule samaki mbichi?"

Wakaanza kubishana. Mimi nikamtazama Mkaguzi, roho juu, maana alikuwa ameweka kalamu chini na kuvua miwani. Nikajua tumekwisha. Mara akasimama, kitambaa cha meza kikiwa bado shingoni, akanyoosha kidole dirishani.

"Tangi lile! Mama, tia samaki! Tia samaki sasa hivi!"

Mafuta yakalia jikoni, watu wakapiga makofi, na mimi, sioni haya kusema, nililia.

Chakula kilitoka kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa wakati wake. Mkaguzi alifungua boksi lake, akaonja kijiko kimoja, akalifunika taratibu kama mtu anayefunga barua ya msiba. Kisha akala samaki, akala kuku, akaomba supu nusu bakuli mara tatu. Alipomaliza alinifuata jikoni, akasimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi.

"Mama, jiko halitoki. Nitaandika hivyo leo hii. Na behewa nitawaambia karakana waligeuze kama zamani."

Mama Kona alikuwa amekaa kwenye ndoo ya viazi, sufuria zote ziko tupu, kwa mara ya kwanza anatazama nje bila kutafuta kitu. Nje, upande ule, kulikuwa na mashamba ya alizeti yasiyo na mwisho, na kando ya reli wanawake waliokuwa wakipalilia walikuwa wamesimama, majembe begani, wakiipungia treni mkono. Mimi nilikuwa nawaona kila safari. Haikuwahi kunijia kumwambia. Nilidhani kila mtu anawaona.

"Hawa huwa hapa siku zote?" aliniuliza.

"Siku zote, dada."

"Usiligeuze, bosi," alimwambia Mkaguzi.

"Na alama zako je?"

"Abiria wana macho." Akainuka, akafungua dirisha. "Miaka kumi na tisa wanapunga mkono, na mimi nimewapa mgongo."

Akachukua mwiko, akautoa nje pamoja na mkono mpaka begani, akawapungia.