Padri Aliyerudi Kusahihisha Neno Moja

Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi, msomaji wangu, nilikuwa naandika habari nyingine kabisa simu ilipoita. Alikuwa mpwa wa rafiki yangu Padri, mwalimu aliyekuwa akiishi naye mtaani Likombe. Hakunisalimu. "Baba Padri ametutoka," alisema, kisha akaongeza, "Na haya madaftari yake sijui nimpe nani." Nilimpa pole, nikakaa kitako, na tangu siku hiyo sijatulia. Marehemu alikuwa padri mstaafu wa Kikatoliki, Mmakonde wa upande wa Nanyamba, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa akifasiri kwa Kiswahili maandishi ya mtawa mmoja wa Ulaya ya zama za kati. Mtawa huyo alikuwa mwanateolojia, naye pia mfasiri, aliyeyatoa maneno kwenye Kigiriki na kuyatia kwenye Kilatini. Padri aliniambia kwamba wakubwa wa dini walimtilia shaka mtawa yule, na baada ya kufa kwake vitabu vyake vikaamriwa vichomwe, kwa sababu ya maneno ambayo watu waliyasoma vingine. Alisimulia jambo hilo kama habari ya jana, huku akifikicha vidole.

Mimi ni Mwislamu wa Mikindani, na kilichotukutanisha ni neno. Mchana mmoja alibisha hodi kwetu kumtafuta mama yangu, aliyekuwa akifundisha watoto wa mtaa Kurani. "Bi Mkubwa," alisema, "Kilatini kina maneno mawili, nami ninayo mawili, nafsi na roho. Lakini sijui lipi ni la lipi." Mama alicheka. "Nafsi, Padri, ndiyo inayokushawishi uonje kidogo tu ilhali umefunga. Roho ndiyo itakayokutoka siku yako ikifika." Padri akaandika, kisha akainua kichwa. "Na mtu mwenye roho mbaya?" Mama alicheka tena. "Hapo umenishika," alisema. Padri alirudi mara tatu kwa ajili ya maneno hayo mawili, na ukurasa ule ukakaa bila kumalizwa mwaka mzima. Nilimwona mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi, na nilimwambia hivyo bila kuficha.

Nilibadili mawazo baada ya safari yetu ya kijijini kwao. Mimi nilikuwa nafuata habari za korosho, yeye anakwenda kuwaona ndugu. Tukiwa pale, bibi mmoja alimshika mkono akamwomba aende naye zahanati. Binti yake alikuwa amejifungua siku chache nyuma, ana homa kali, amelala kwenye benchi hana nguvu hata ya kusikiliza. Tabibu alikuwa mgeni, kijana wa bara asiyejua Kimakonde, na Kiswahili cha bibi kilikuwa cha salamu tu. "Mwambie binti yake ana homa ya uzazi," tabibu alisema. "Ampe dawa hii kutwa mara tatu mpaka iishe." Padri alifasiri, bibi akaitikia kwa kichwa, sisi tukarudi mjini.

Siku ya nne Padri alinipigia simu. "Tabibu alisema mpaka iishe. Kitu gani kiishe?" Nikamjibu kwamba ni dawa, bila shaka. "Mimi nilimwambia bibi mpaka homa iishe," alisema. Kiswahili cha tabibu hakikutaja kitu. Kimakonde kilimtaka Padri ataje, naye akataja. Tulikodi bodaboda mbili na kuondoka saa hiyohiyo, yeye na miaka yake sabini na ushei, mvua ikitupiga njia nzima. Bibi alitupokea kwa furaha. "Amepona, Padri! Homa iliisha juzi. Vidonge vilivyobaki nimempa jirani anayeumwa jino." Padri akampita mlangoni. Aliingia ndani, nami nikamfuata. Binti alikuwa amejikunja chini ya kanga mbili, homa imemrudia, anatetemeka, mtoto analia pembeni yake.

Tulimpeleka zahanati, na kutoka hapo gari likamkimbiza hospitali ya mjini. Kwa siku tatu Padri alikaa nje ya wodi hali vizuri, halali vizuri. Binti alipona, na mwanawe leo anasoma shule. Tabibu yule alikuja kumfariji. "Si kosa lako, Baba. Mimi ndiye niliyesema vibaya." Padri akatikisa kichwa. "Wewe ulisema," akamjibu. "Mimi ndiye niliyechagua."

Tulimzika Alhamisi ile, na madaftari yake kumi na manne sasa yako mezani kwangu. Mpwa wake aliniletea akiogopa mchwa. Mimi naogopa mikono yangu mwenyewe. Sijui Kilatini. Nikinakili neno vibaya, nani ataona? Simu zetu siku hizi zinafasiri barua nzima kabla hujapepesa jicho, na sina ugomvi nazo. Kinachonitia hofu ni sisi tunaozitumia, jinsi tunavyotuma, tunavyotangaza, tunavyobandika matangazo ukutani, kisha tunaondoka tukiamini kwamba kilichosemwa kimefika. Ule niliouita ugonjwa wa wasiwasi, leo nauona kuwa ni heshima kwa mtu atakayeyabeba maneno yako hadi nyumbani kwake na kuyafuata.

Wiki hii nilihudhuria mkutano wa wakulima huko Nanyamba. Afisa mmoja alikuwa akieleza dawa ya kupulizia mikorosho. "Mzingatie dozi na intavo," alisema, watu wakapiga makofi, naye akaanza kukusanya karatasi zake. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi, nikamwomba aeleze tena kwa maneno mengine. "Mwandishi, unatuchelewesha," alisema. Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akanitazama, kisha akamtazama afisa. "Mwache aulize," alisema. "Hata sisi hiyo intavo hatujui ni mdudu gani." Watu walicheka, afisa naye akacheka kidogo, akaweka karatasi chini na kuanza upya, akihesabu kwa vidole siku za kusubiri kati ya kupuliza na kupuliza tena. Tulichelewa nusu saa, na safari hii watu waliuliza maswali. Tusione haya kuchelewesha mkutano.