Baba Mkwe Kwenye Ngazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa maikrofoni na kiti kisicho na mgongo, nikaambiwa nikae kando ya kitambaa cheupe cha sinema na niseme. Nilikuwa nimetoka tu kidato cha nne, na tangu utotoni sikupenda kusemeshwa mbele ya watu. Hata kanisani kwetu Kiogoro nilikaa nyuma ya nguzo. Lakini Meneja wa jumba lile la sinema la Kisii mjini, Mhindi mwenye Kiswahili cha dukani, alitaka kijana anayejua Kiingereza, awafasirie watu kwa Ekegusii filamu ikiendelea. Alinichukua kwa majaribio. Nikishindwa, ningerudi kuchuma majani chai kwa mjomba.

Kwa vijana wa leo nieleze. Filamu ilikuja ndani ya makopo ya bati, imegawanywa mikanda kadhaa. Juu, katika chumba cha mashine, Opareta Mkuu alikuwa na mashine mbili. Mkanda ukikaribia kwisha, doa dogo lilipita pembeni mwa picha, naye akawasha mashine ya pili kabla watu hawajagundua. Kazi yangu mimi mkalimani ilikuwa kufasiri maneno, na pasipo na maneno, kujazia. "Ukinyamaza," Opareta alinionya, "watafikiri mashine imekufa, waanze kunipigia miluzi."

Filamu za mapigano nilizimudu. Watu walipiga kelele kunishinda, nami nikajificha humo humo. Kisha ikaja ile ya kutisha. Meneja alibandika matangazo hadi Keroka: asiye na moyo mgumu asije. Ilimhusu bibi arusi aliyehamia jumba kubwa la ukoo wa mumewe. Kila usiku anasikia mtu akipanda ngazi kuja chumbani kwake. Mumewe hamwamini, daktari anampa vidonge. Aliyeitunga alitaka tushindwe kujua: kuna mtu kweli, au ni akili ya mama huyu inayoharibika?

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Wazee walikaa mbele, wana wao nyuma yao. Babangu naye alikuja, mara yake ya kwanza kuniona nikifanya kazi, akakaa safu ya pili. Picha ikaonyesha ngazi, viatu, kisha nusu ya uso wa mzee gizani. Nikamtambua: baba wa mume. Nikanyamaza.

Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na jambo kama lile halitamkwi baba na mwana wakiwa wamekaa pamoja.

"Sema!" Meneja akaninong'oneza kwa nyuma. "Wewe kijana, sema! Watu nakuja kusikia!"

"Ni... ni baba wa mume," nikasema.

Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Na anaenda wapi huyo?"

"Chumbani kwa mkamwana."

"Basi mmetuitia nini? Huyo msichana hana wazimu. Mwenye wazimu ni huyo mzee!"

"Na mumewe ni ng'ombe!" akadakia mwingine.

Watu wakacheka, kicheko kile cha aibu. Babangu akachukua kofia yake, akatoka bila kunitazama. Wengine wakafuata, wazee kwa mlango huu, vijana kwa ule.

Kwa watazamaji filamu ilifia hapo, mkanda wa kwanza haujaisha. Na niseme ukweli, hata bila sisi ilikuwa na kasoro zake: kila mlango ulipofunguka, muziki ulishatangulia kutuambia tuogope.

Meneja akaniamuru nimalize. Kwake filamu ikishaanza haikatwi njiani. Nikafasiri huku sauti yangu ikinirudia kutoka ukutani, hadi mama yule akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, lango likafungwa. Taa zilipowaka nikaona si wote waliokuwa wameondoka. Mwanamke kijana alikuwa ameketi kando ya ukuta, leso kichwani.

"Ndugu yangu," akaniita, "mwishowe walimwamini?"

"La, dada. Hawakumwamini."

"Mliandika kwamba tutaogopa," akasema. "Mimi nimeogopa."

Akainuka, akatoka. Sikumjua, wala sikumuuliza alikuwa anarudi nyumba ya nani.

Kesho yake Meneja alichukua maikrofoni kutoka kwangu. "Wewe iko mzuri," akasema, "lakini iko aibu mingi." Hakunifukuza, alinipandisha juu, niunganishe kwa gundi mikanda iliyokatika. Opareta Mkuu alipostaafu nikashika mashine zake, na baadaye nikatembea na gari la sinema, Nyamira hadi Kenyenya, chini ya Afisa mmoja wa serikali, mkali wa kutunza saa. Nyumbani, mimi na babangu hatukuizungumzia siku ile kamwe, hadi akafa.

Sasa nami nimestaafu. Wajukuu huniuliza kama kazi ilikuwa nzuri, nami hujibu kwamba ilimfaa mtu kama mimi. Nyuma ya mashine unawaona watu visogo tu. Nimewaona wakicheka, nimewaona wakilia, na miaka yote hiyo hakuna aliyegeuka kuniuliza chochote. Nilidhani ndivyo nilivyotaka.