Ndafu Iliyopanga Foleni

Jumamosi, 28 Juni. Baridi na manyunyu tangu alfajiri, mlima haukuonekana kabisa, na ulifanya vizuri, maana aibu niliyoipata mjini leo sikutaka nao uione.

Kazi yangu ni kuchoma ndafu, yule mbuzi mzima wa harusini anayesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, na kwa kuwa sina mwajiri, ritani ya kodi, ile fomu ya hesabu za mwaka, ni juu yangu mwenyewe. Mama Glori, mhasibu wa pale mjini, aliniambia mapema, "Baba Eliya, niachie mimi, bei yangu si ya kukuua." (Kweli haikuwa ya kuua, nisimsingizie.) Lakini nikajiuliza, mtu aliyemaliza darasa la saba si anajua kujumlisha na kutoa? Nikaamua nitaenda mwenyewe, na kwa kuwa leo ofisi ya kodi ilifunguliwa kwa ajili yetu tuliochelewa, nikaona nipitie hapo nikiwa njiani kupeleka ndafu harusini Kilema.

Dereva wa bajaji akakataa kunisubiri, na getini kuna mbwa wawili wenye nia mbaya, basi nikaingia na ndafu yangu nimeifunika kitenge, tukapanga foleni.

Kitenge kikateleza. Mama mmoja wa Kirua kuona ndafu imesimama akaanza kuimba na kupiga makofi kama tufanyavyo inapoingia ukumbini, wa nyuma yake akapokea, foleni nzima ikapokea, hata mlinzi (alijitahidi kujizuia, nakiri), mpaka ofisa akatoka chumbani kwake kuuliza nani anaoa. Sasa mimi miaka yote nikisikia wimbo ule mkono unakwenda wenyewe kwenye kisu. Nikakata ubavu, nikapiga goti, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama mkubwa wa shughuli. "Karibu baba, uanze wewe."

Wimbo ukakatika. Ofisa akanyanyua mikono juu kama aliyekamatwa, na nyuma yake ukutani bango la kukataza rushwa.

"Unanihonga mbele ya watu?"

 Nikajiona nalala mahabusu, maharusi wamekosa ndafu, na nani tena atanipa kazi?

"Mheshimiwa, msamehe, huyo ni mteja wangu." Mama Glori, kumbe yumo foleni na makaratasi ya wenzangu wenye akili.

"Mteja wako tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Na mbuzi ni wa harusi, ila mkono wake ndio haukujua umefika ofisini."

Ofisa akashusha mikono. (Haki yake nimpe: hakuonja hata kipande, ingawa pua ilimsaliti.) "Mtoe huyo mbuzi nje. Ritani utaleta wewe mama, yeye asirudi."

Nilitoka mbio, ubavu ukaniponyoka getini, na wale mbwa ndio pekee walionufaika. Huko Kilema mjomba wa bibi harusi akaizunguka sinia. "Ubavu mmoja uko wapi?" Nikasema umebaki ofisini kwa kodi. Akacheka mpaka akakaa, na fungu langu la nyama akanipa.

Kuanzia leo hesabu ni za mhasibu, mimi nibaki na moto wangu. Jioni tumekula kiburu cha ndizi na maharage, bila nyama, maana fungu langu nilimpelekea Mama Glori, naye akakataa kulipokea ndani, akanitoa hadi barabarani, akalipokea huko watu wakiona, akaniandikia risiti.