Hasidi Hana Sababu

Khanga ya mama mwenzangu ilikuwa nyekundu, na ilikuwa na maneno haya: "Hasidi hana sababu." Kila alipoinama kumtazama mwanawe, maneno yale yalinigeukia mimi. Baadaye nilijua kwamba hakujua kusoma, aliipenda rangi tu. Lakini siku zile niliamini ameivaa kwa ajili yangu. Na sababu nilikuwa nayo.

Tulikuwa wawili katika chumba cha watoto njiti, hospitalini Sumbawanga. Wanetu walizaliwa kabla ya miezi yao kutimia, wangu wa kike, wake wa kiume. Hawakuweza kunyonya, kwa hiyo tulikamua maziwa kwenye vikombe, na muuguzi akawalisha kwa mpira mwembamba uliopita puani.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa na mitumba imejaa sokoni. Mwanangu alikuwa na sweta na kofia za sufu, mimi nina chupa ya chai na wageni wa kila jioni. Mwenzangu alitoka Mpui, ambako mumewe Msukuma alikuwa amehamia na ng'ombe wake. Hakuwa na mgeni. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: maziwa alikuwa nayo. Alikamua huku anapiga soga, kikombe kikajaa povu. Mimi nilikunywa uji wa ulezi mpaka tumbo likaniuma, nikaminya mpaka machozi yakatoka, na kikombe hakikulowa hata kitako.

"Mama, kuangalia kikombe cha mwenzio hakukamui maziwa," muuguzi alinitania. Sikucheka.

Asubuhi watoto walipimwa uzito. Wake alipanda. Wangu alishuka, akashuka tena, hadi ngozi ya mapaja ikalegea kama soksi. Ndipo muuguzi akaniambia wazi, "Tukiendelea hivi tutampoteza. Mwenzio ana ya kuwatosha wote wawili. Nimruhusu?"

Nilikubali kwa kichwa, mdomo ulikataa. Mwanangu akaanza kupanda uzito. Kila mtu alinipongeza, nami roho iliniuma. Nyama ile mpya mashavuni haikuwa yangu. Nilimchukia yule mwanamke kwa kila tone lililomwokoa mwanangu.

Kisha mwanawe akashikwa na homa. Jana yake alikuwa amepiga chafya tukacheka. Asubuhi ya pili akaacha kupumua, muuguzi akahangaika naye, ikashindikana. Walimfunga katika khanga ile nyekundu. Mumewe alikuja, akampokea mwanawe kwa mikono miwili, akatoka nje kusubiri gari la kurudi Mpui.

Nilijua sasa ataondoka, na mwanangu ataanza kushuka tena. Niliona haya kumwomba. Alikaa kitandani, na gauni lake likaanza kulowa kifuani, pande zote mbili.

"Lete kikombe, dada," akasema.

"Pole, dada. Acha tu."

"Lete. Haya maziwa hayajaambiwa kama amekufa."

Akakamua. Kikombe kilipojaa alinipa, akanyoosha mikono kumwomba mwanangu. Alitaka kumpakata kidogo kabla ya safari. Nilimtazama muuguzi, muuguzi akaitikia. Nikampa.

Akamlaza kifuani, juu ya gauni lililolowa. Mtoto akatafutatafuta kwa mdomo, akalipata titi, akanyonya. Yeye ambaye wiki nzima nilimwekea langu, likaanguka mdomoni bila kushikwa, alinyonya hadi tukasikia anavyomeza. Mwenzangu alifumba macho, machozi yakamtiririka.

Mimi ndiye niliyebaki na mtoto. Na nilimwonea wivu mwanamke aliyefiwa.

Mumewe aliita dirishani, gari limefika. Mwenzangu akamchomoa mtoto taratibu kwa kidole, akanirudishia.

"Mshike, dada," akasema. "Sasa ameshajua."